Sungura akipinda shingo ghafula: kumtunza mnyama, kulinda ujirani



Somo la namba hii linahusu mnyama mdogo. Wengine watauliza: jarida la amani linatafuta nini ndani ya kizimba cha sungura? Linatafuta mambo mawili. La kwanza, kwa jamaa iliyokimbia bila mbuzi, bila ng'ombe na bila shamba, sungura ni karo ya mtoto, ni sabuni, ni nyama ya sikukuu. Mara nyingi ni rafiki pia wa mtoto ambaye hana mchezo mwingine. La pili, ugonjwa tutakaoueleza hapa unakuja ghafula na una sura ya kutisha. Pale ambapo watu wanaishi ukuta kwa ukuta, jambo la ghafula na la kutisha linatafutiwa haraka mtu wa kulibeba.

Tangu makambi mengi ya kandokando ya Goma yalipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, jamaa nyingi zinaishi kwa wenyeji, katika vyumba vya kuazima, ama zimerudi vijijini na kuanza tena bila kitu. Sungura na dende ndio mifugo wanaoweza kufugwa katika hali hiyo: hawahitaji malisho makubwa, wanakula majani, wanazaa upesi, na mtu akilazimika kukimbia tena anaweza kuwabeba ndani ya kikapu. Kwa hiyo tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika vikundi, na watoto wawepo. Katika jamaa nyingi wao ndio wachungaji wa sungura, na ndio wa kwanza kuona mnyama amebadilika.

Ugonjwa unavyoonekana

Jioni sungura amekula vizuri. Asubuhi mtoto anamkuta kichwa kimegeuka upande mmoja, sikio moja linaelekea chini, jicho moja linatazama juu. Akitaka kwenda mbele anazunguka mahali pamoja. Wengine wanaanguka na kubiringika mara nyingi mpaka wagonge ukuta. Ukitazama macho kwa karibu, unaweza kuona yanachezacheza kushoto na kulia bila kutulia. Watu wanasema "amepinda shingo". Mavetereneri wakiandika kwa Kifaransa wanaita tortikoli.

Neno "shingo" linapotosha kidogo, kwa maana mara nyingi shingo haina ugonjwa wowote. Mwashi anatumia nivo kujua kama ukuta umesimama sawasawa. Sungura naye, kama sisi, ana nivo yake ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma ya sikio, inayouambia ubongo wapi ni juu na wapi ni chini. Nivo hiyo ikiharibika, ama sehemu ya ubongo inayoisoma ikiumwa, mnyama anaamini kwamba dunia imeinama. Anapinda kichwa ili ailingane. Kwa hiyo usimnyooshe shingo kwa nguvu, usimkande, wala usimfunge kijiti. Hutanyoosha kitu, utamwongezea maumivu na hofu tu.

Sababu zenyewe

Kuna sababu nyingi, lakini tatu ndizo za kufikiria kwanza.

Ya kwanza ni vidudu vya sikio, aina ya upele. Hivi vinaonekana kwa urahisi: washa tochi ya simu, tazama ndani ya sikio, utaona ukoko mnene wa rangi ya kahawia, umepangana kama maganda. Sungura anajikuna na kutikisa kichwa kwa siku nyingi kabla ya kupinda. Vidudu vikiachwa, sikio linachimbika na uchafu unaingia ndani zaidi.

Ya pili ni mikrobu zinazotoka puani na kupanda mpaka katika sikio la ndani. Inayojulikana zaidi inaitwa pasterela. Sungura mwenye pasterela anapiga chafya, pua ina kamasi nyeupe, na manyoya ya miguu ya mbele yamegandamana kwa sababu anajifuta pua kwa miguu hiyo. Vizimba vyenye unyevu, moshi na harufu kali ya mikojo vinaichochea sana. Wale wanaofuga ndani ya chumba kimoja na jiko walichunge jambo hili.

Ya tatu haionekani kwa macho. Ni kijidudu kidogo sana kinachoitwa ensefalitozoni, kinachokaa katika ubongo, katika figo na mara nyingine katika jicho. Sungura wengi wanacho mwilini na hawaonyeshi dalili yoyote mpaka siku wanapodhoofika kwa njaa, kwa safari ama kwa hofu. Kinatoka na mikojo, na sungura mwingine anakipata akila majani yaliyokojolewa. Mama anaweza pia kumpa mtoto wake tumboni. Jambo hilo la mwisho tutalirudia tutakapozungumza juu ya sungura wa kupokezana.

Tena kuna kuanguka, kupigwa teke na kukanyagwa. Ndani ya chumba ambamo watu nane wanalala chini, hayo hutokea. Muulize mtoto kwa upole. Mtoto anayeogopa fimbo atasema hakuona kitu.

Namna gani kutofautisha? Tazama masikio, tazama pua, tazama miguu ya mbele. Ukikuta ukoko ama usaha, umepata njia. Usipokuta kitu, usiseme upesi kwamba ni kijidudu cha ubongo, kwa sababu usaha wa sikio la ndani unaweza kujificha usionekane. Hata vetereneri mwenye maabara hawezi kuwa na hakika kamili juu ya ensefalitozoni sungura akiwa bado hai: kipimo cha damu kinaonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kijidudu, hakionyeshi kwamba ndicho kinachompindua leo. Kwa hiyo mavetereneri wengi wanatibu sababu mbili kwa pamoja, na hawakosei.

Siku ya kwanza

Usimchinje siku hiyo. Ninaandika hivyo kwanza kwa sababu ndicho kinachofanyika mara nyingi, na sungura wengi waliochinjwa asubuhi ya kwanza wangepona.

Mtenge na wengine. Mtafutie sanduku la karato ama kikapu kipana, si kirefu kwenda juu, ili asianguke kutoka mbali. Weka majani makavu mengi chini, na juu yake kitambaa kisichoteleza. Viringisha vipande vya kikwembe kikuukuu viwe kama mito midogo, uviweke pande zote mbili za mwili wake. Sungura anayebiringika akihisi kitu kimemshikilia ubavuni anatulia. Mweke mahali penye mwanga kidogo na pasipo na kelele, mbali na mbwa na watoto wa jirani wanaokuja kutazama. Na watakuja, kwa sababu habari ya sungura anayezunguka inatembea haraka.

Ukitaka kumwinua, usimshike masikio. Mfunike kwa kitambaa, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, umkaze kifuani kwako. Sungura anayehisi kwamba anaanguka anapiga teke kwa nguvu zote, na teke moja linaweza kumvunja mgongo wake mwenyewe.

Jicho linaloelekea chini linasugua sakafu na kukauka. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe, safisha jicho kwa kitambaa safi asubuhi, mchana na jioni. Jicho lililoachwa linapata kidonda, na sungura anaweza kupona kichwa akabaki kipofu wa upande mmoja.

Chakula ndicho kinachookoa

Sungura hatapiki, na tumbo lake halijui kupumzika. Akikaa siku nzima bila kula, utumbo unasimama, hewa inajaa, na anakufa kwa tumbo kabla ugonjwa wa kichwa haujamfikisha popote. Kwa maoni yangu, sungura wengi waliopinda shingo wanakufa kwa njaa katikati ya majani, kwa sababu majani yaliwekwa mahali ambapo kichwa hakiwezi kufika.

Basi mlishe kwa mkono. Mpelekee jani mdomoni, moja moja, upande anaoutazama. Majani ya matembele, kishona nguo, matete machanga, yote ni mazuri. Yanyaushwe kidogo kwanza, yasiwe na umande wala matope. Usimpe majani ya avoka, ambayo ni sumu kwa sungura, hata kama miti imejaa mahali mnapoishi. Majani mabichi ya muhogo mchungu pia yaache. Ugali na mabaki ya maharagi si chakula cha mgonjwa.

Maji yawe katika chombo kifupi na kizito, kama kisahani cha udongo, maana ndoo ataipindua. Majani yaliyoloweshwa kwa maji safi yanasaidia pia.

Akikataa kula kwa muda wa nusu siku, usingojee zaidi. Twanga majani mabichi laini, changanya na maji mpaka yawe kama uji mwepesi, chuja, vuta kwa seringi isiyo na sindano. Kaa chini, mweke sungura mapajani amesimama kwa miguu yake, kamwe asilale chali. Ingiza ncha ya seringi pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, sukuma kidogo, ngoja ameze, sukuma tena. Kwa sungura wa kilo mbili, mililita ishirini mpaka thelathini kwa mara moja, mara nne ama tano kwa siku. Ukifanya haraka uji utaingia kifuani. Kazi hii inachukua nusu saa kila mara, na ninajua kwamba mama anayetoka kubeba mizigo sokoni hana nusu saa tano kwa siku. Hapo ndipo mtoto mkubwa, shangazi ama jirani mwenyewe anapohitajika.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: alfajiri sungura mzima anakula mavi yake laini, moja kwa moja kutoka mkunduni. Si uchafu, ni chakula cha pili kinachompa vitamini. Aliyepinda shingo hashindi kufika huko. Ukikuta mavi laini yaliyoshikana kama kichala kidogo, mpelekee mdomoni, atayachukua.

Dawa: kwanza zile za kuogopa

Mtu akiona mnyama anaumwa, anakimbilia famasi ya karibu na kununua kapsuli za amoksisilini ama ampisilini, anazimwaga katika maji ya kunywa. Kwa mtu ni dawa. Kwa sungura, dawa hizo zikipitia mdomoni zinaua mikrobu nzuri za utumbo, zile mbaya zinazidi, na mnyama anaharisha na kufa baada ya siku chache. Penisilini ya kunywa na eritromisini ni vivyo hivyo. Penisilini ya sindano vetereneri anaweza kuitumia, lakini si kazi ya kufanya mwenyewe nyumbani. Mafuta ya kuua kiroboto ya mbwa yenye fipronili ni hatari pia kwa sungura.

Antibiotiki zinazovumiliwa na sungura zipo. Ile ya mavetereneri inayoitwa enrofloksasini inatumika sana kwa pasterela. Pale isipopatikana, kotrimoksazoli, ile ambayo wengi tunaiita Baktrimu, haileti hatari ile ya utumbo. Katika vitabu vya dawa za sungura kipimo chake ni miligramu thelathini kwa kila kilo ya mwili, mara mbili kwa siku. Sungura wa kilo mbili anapata mililita moja na robo ya siro ya kawaida ya watoto asubuhi, na kiasi hicho hicho jioni. Ugonjwa wa sikio la ndani hauponi kwa siku tano. Inachukua wiki nyingi, na kukatisha dawa katikati ni kumfundisha mdudu kuishi nayo.

Kwa vidudu vya sikio, ivermektini ni dawa nzuri, ila ina nguvu nyingi katika tone dogo. Ile ya sindano ya asilimia moja imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Sungura wa kilo mbili anahitaji kati ya sehemu nne na nane za mia za mililita moja tu, chini ya ngozi. Seringi kubwa haiwezi kupima hivyo. Chukua ile nyembamba ya mililita moja wanayotumia wagonjwa wa kisukari. Dawa inarudiwa baada ya wiki mbili, na sungura wote wa kizimba wanachomwa pamoja, kwa maana vidudu vinahama. Ukoko wenyewe usiubandue kwa kucha. Tia matone ya mafuta ya kupikia yaliyo safi, siku baada ya siku, utalainika na kuanguka wenyewe.

Kwa ensefalitozoni, dawa inayotumika ni fenbendazoli, miligramu ishirini kwa kila kilo, mara moja kwa siku, siku ishirini na nane bila kuruka. Kwa sungura wa kilo mbili ni miligramu arobaini. Soma chupa, maana kuna ya asilimia kumi na ya asilimia mbili na nusu: ya kwanza ni mililita sifuri nukta nne, ya pili ni moja nukta sita. Albendazoli ya watu, ile ya minyoo ya watoto wa shule, si ya kuchukua badala yake. Inaweza kuharibu damu ya sungura, na jike mwenye mimba anaweza kudhurika watoto wake. Tena, ukiona mtu anataka kuchoma deksametazoni ili "kichwa kinyooke", muulize vizuri. Dawa hiyo inashusha nguvu za mwili za kupigana na ugonjwa.

Pima kilo za sungura sokoni kabla ya kununua chochote. Kukisia kwa macho ndiko kunakoua. Na kama katika teritware yenu kuna vetereneri ama mkaguzi wa mifugo, mwoneni huyo kabla ya mwenye famasi.

"Wamempa sumu"

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuchague somo hili. Katika Kivu neno karuho linatamkwa kwa sauti ya chini, lakini linatamkwa mara nyingi. Mtu akiugua bila sababu inayoonekana, watu wanatafuta nani alimpa kinywaji. Mnyama naye hivyo hivyo. Sungura aliyelala mzima akaamka anazunguka anafanana kabisa na kile ambacho watu wanafikiri sumu ama uchawi unafanya.

Katika kituo kimoja cha upande wa Kalehe, mama aliyehama vita alikuwa na sungura watatu, amewaweka nyuma ya nyumba ya mwenyeji wake. Binti wa mwenyeji alileta majani ya matembele jioni. Asubuhi jike mkubwa alikuwa amepinda. Kabla ya saa sita neno lilikuwa limekwisha kusemwa kisimani, na kufikia jioni binti hakutumwa tena kuchota maji, kwa kuwa wenzake walikuwa wanamtukana njiani. Mwenyeji akasema wageni waondoke. Ilikuwa jamaa ya watu saba, na hawakuwa na pa kwenda.

Rais wa kamati ya waliohama, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu, hakuita mkutano. Alikwenda kutazama sungura. Aliuliza: wale wengine wawili walikula nini? Walikula majani yale yale, na walikuwa wazima. Akaomba tochi, akafungua masikio ya mgonjwa. Ukoko ulikuwa umejaa mpaka juu. Akawaita mama wote wawili, mwenyeji na mgeni, wakatazama pamoja, akawaambia: "Ukoko mnene hivi haujengwi usiku mmoja." Baada ya hapo hakuhubiri. Alimwomba mwenyeji mafuta kidogo ya kupikia, naye akayatoa.

Ninapenda kisa hicho kwa sababu ya mpangilio wa maswali ya mzee. Kiongozi akiuliza kwanza "Nani aliingia hapa?", amekwisha kuhukumu, hata kama hajataja jina. Akiuliza "Mnyama amekula nini, tangu lini anajikuna, wengine wako namna gani?", anafungua mlango wa kutokea kwa watu wote, hata kwa yule aliyesingizia. Aliyesingizia naye ana hofu ya kweli. Amepoteza nyumba, sasa anapoteza na karo.

Kuna alama zinazosaidia kufikiri. Chakula chenye sumu kwa kawaida kinapiga zaidi ya mnyama mmoja kati ya waliokila, tena kwa saa chache: mate yanatoka, mwili unatetemeka, wanakufa. Sungura mmoja tu, aliyepinda kichwa lakini bado anataka jani mdomoni, ni mgonjwa wa sikio ama wa ubongo mpaka ithibitishwe vingine. Sikatai kwamba sumu ipo duniani. Ninasema kwamba sikio litazamwe kwanza, na jina la mtu lisitajwe kabla.

Kiongozi achunge pia watu wa kuagua wanaotaja majina kwa malipo. Familia ikitaka kwenda huko, waambie wangoje wiki mbili huku wanamlisha sungura. Wiki mbili ni muda wa kutosha kwa wengi kuonyesha nafuu, na ni muda wa kutosha pia kwa hasira kushuka.

Sungura wa kupokezana

Katika miradi mingi jamaa inapewa jike na dume, na baada ya uzao inatoa wadogo kwa jamaa nyingine iliyo kwenye foleni, karibu kama likelemba. Ni njia nzuri ya kuunganisha waliohama na wenyeji. Lakini jike akipinda shingo, kuna kishawishi: kutoa wadogo upesi, deni liishe, na kunyamaza. Wadogo hao wanaweza kuwa na kijidudu tangu tumboni. Miezi michache baadaye, jamaa iliyopokea inaona ugonjwa ule ule na inasema: walitupa wagonjwa makusudi, kwa sababu sisi ni kabila fulani. Hapo sungura wawili wamekuwa mgogoro wa jamii mbili.

Kwa hiyo kamati iandike kanuni hii tangu mwanzo, kabla ya mtu yeyote kuumizwa nayo: mwenye sungura aliyepinda anajulisha kamati, deni lake linasogezwa mbele bila faini na bila aibu, na wadogo wa jike huyo hawatolewi wala hawazalishwi. Bila msamaha wa deni, hakuna atakayesema ukweli. Sungura wapya wakifika, wakae peke yao mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa.

Usafi, na watu wenye mwili dhaifu

Ondoa majani yenye mikojo kila siku. Chakula kitundikwe juu, kisiwe sakafuni. Mbegu za ensefalitozoni zinaishi wiki kadhaa mahali pakavu, lakini maji yanayochemka yanaziua, na javeli pia. Sehemu moja ya javeli kwa tisa za maji, acha dakika kumi, suuza vizuri, kausha kwenye jua kabla ya kumrudisha mnyama.

Mtu mzima mwenye afya haogopeshwi na kijidudu hiki, lakini kinaweza kumshika mtu ambaye nguvu za mwili wake zimepungua sana, kwa mfano kwa ukimwi usiotibiwa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakishika sungura. Viongozi, toeni shauri hili kwa watu wote kwa pamoja, msiende mlango kwa mlango. Ukimwambia jirani mmoja tu "wewe usiguse sungura", umetangaza ugonjwa wake mtaani kote.

Mpaka lini?

Kubiringika kunaweza kupungua katika wiki ya kwanza ama ya pili. Kichwa kinachukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Wengine wanabaki wameinama kidogo maisha yao yote, na wanakula, wanaruka, wanaishi vizuri hivyo. Mtoto atamzoea upesi kuliko mtu mzima.

Lakini kuna wasiopona. Sungura ambaye baada ya wiki mbili za kulishwa na kutibiwa bado anabiringika usiku na mchana, hamezi tena, ana vidonda vya mikojo chini ya mwili, huyo anateseka, na kumwua kwa haraka na kwa upole ni huruma. Mwambie mtoto kabla, si baada. Watoto wetu wameona vitu vingi vikitoweka bila mtu kuwaeleza. Sungura aliyekuwa anapewa dawa asiliwe. Kwa ivermektini ngoja zaidi ya mwezi tangu sindano ya mwisho, na kwa dawa nyingine muulize vetereneri. Aliyekufa mwenyewe afukiwe, asipewe mbwa.

Kwa mazungumzo katika kikundi

Katika mtaa wenu, mnyama akiugua ghafula, nani anaitwa kwanza? Anauliza swali gani la kwanza? Je, kanuni zenu za kupokezana zinasema nini juu ya mnyama mgonjwa, na nani alikuwepo zilipoandikwa, wenyeji, waliohama, ama upande mmoja tu? Nani katika kikundi ana seringi nyembamba na mizani, na anaweza kuviazima kwa jamaa yoyote, hata ile ambayo hawasalimiani nayo? Mkimaliza, leteni sungura mmoja mzima, mumtazame masikio pamoja, ili kila mtu ajue sikio safi linafananaje.